Mume wangu amelipia safari ya meli kwenda Kalangala, nami ziwa lilinichukulia kaka yangu

Shangazi, nakusalimia.

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Seeta, hapa Uganda, kwenye barabara ya Jinja. Baba yangu alikuwa mwanajeshi, nikakulia Jinja kwenye kota za jeshi. Mume wangu ni mtu wa Kitgum. Tulipokutana, Kiswahili ndicho kilichotuunganisha, na mpaka leo ndicho watoto wanachoongea nyumbani. Nayaeleza haya kwa sababu yanahusika: mimi nimekua nikiliona Ziwa Victoria kila siku, mwenzangu aliliona akiwa tayari mtu mzima, na nadhani kila mmoja wetu analiona ziwa tofauti.

Kifungua mimba wetu amemaliza PLE, mtihani wa mwisho wa shule ya msingi, mwezi uliopita. Mwaka mzima baba yake alikuwa akimwambia kwamba akishamaliza mtihani, familia yote itapanda meli kutoka Entebbe kwenda Kalangala, tukae siku chache kule kisiwani Bugala, ndipo turudi. Nilidhani ni maneno ya kumtia mtoto moyo asome. Basi wiki iliyopita amerudi kutoka dukani kwake (anauza vipuri vya magari mjini), akamwita kijana, akamwonyesha ujumbe wa mobile money. Nusu ya pesa ya hoteli imeshalipwa, safari ni baada tu ya Krismasi. Nyumba nzima ikawa shangwe. Binti yetu wa miaka minane akakimbilia chumbani kutafuta nguo ya kuogelea, na wala hana. Yule mdogo wa miaka mitatu hajui meli ni nini, lakini alikuwa anaruka kwa sababu wenzake wanaruka. Mimi nilikuwa jikoni na mwiko mkononi. Nilisikia magoti yamelegea, ikabidi nikae kwenye kigoda.

Shangazi, kaka yangu mkubwa alikufa ziwani. Alikuwa akifanya biashara ya mukene, yaani dagaa, anatoka Masese pale Jinja kwenda visiwani na kurudi. Usiku mmoja mtumbwi wa mashine aliopanda ulikuwa umejaa magunia, na abiria wamekaa juu ya magunia. Upepo ukageuka. Waliopona walitusimulia kwamba ulipinduka hata kabla watu hawajaanza kupiga kelele. Kaka hakuwa na jaketi la kuokolea maisha, na hakuna mwenzake aliyekuwa nalo. Tulingoja ufukweni, mama yangu amejifunga leso kiunoni, hataki kukaa wala kunywa maji, mpaka wavuvi walipomleta. Tangu siku hiyo mama haweki samaki mdomoni. Akija kwangu tunapika kunde au nyama, na watoto wanajua wasimuulize.

Kijana wangu wa kwanza nilimpa jina la kaka yangu. Anajua mjomba wake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Hajui alifariki vipi.

Mume wangu anajua yote. Nilipomwambia usiku ule kwamba mimi siwezi, akanijibu kwa upole mwanzoni: "Meli si mtumbwi." Nikamkumbusha ile boti ya starehe iliyozama hapa hapa Mukono mwaka 2018, watu waliokuwa wamevaa vizuri wanakwenda kujifurahisha, siyo wachuuzi wa mukene. Hapo akachoka na mimi. Akasema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kwamba nataka kuwarithisha watoto woga wangu. Neno hilo limenikaa kifuani. Silali vizuri.

Halafu kuna mambo madogo ambayo hayaniachi. Binti hutapika hata tukipanda taksi ya kwenda Kampala tu, itakuwaje saa tatu na zaidi juu ya mawimbi? Mdogo hatulii mahali dakika mbili. Mama yangu bado hajaambiwa, na akijua atalia. Na juzi kijana alinifuata uani nikianua nguo, akaniuliza, "Mama, wewe hutaki twende?" Nikamwambia nafikiria. Akaniangalia tu, akanisaidia kubeba beseni.

Nikikataa, mimi ndiye niliyeharibu furaha ambayo mtoto ameisubiri mwaka mzima. Nikikubali, nitapanda nikiwa natetemeka, na watoto wataniona. Nikiwaacha waende na baba yao, nitakaa nyumbani na simu mkononi mpaka nipate wazimu. Naomba unishauri.

Mama wa watatu, Seeta

*

Mwanangu,

Pole. Naanza na pole ya kaka yako kabla sijaigusa safari, kwa sababu katika barua yako sikuona mahali ambapo mtu amekaa nawe akazungumza juu yake. Mama yako aliacha kula samaki, watoto wakafundishwa kutouliza, mume wako anajua lakini hamlizungumzi. Msiba uliofunikwa hivyo kwa miaka mingi, hauwezi kukaa kimya siku mtu anapokuja na tiketi ya meli.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, nikaona ndani yake mna maswali mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza ni kama safari hii ni salama kwa watoto wako. La pili ni nani aliyeamua. Mume wako alilipa, akamwita mtoto, akaonyesha simu, wewe ukasikia ukiwa jikoni. Baada ya hapo, kila mnapoanza kuongea yeye anajibu swali la kwanza, "meli si mtumbwi", na wewe bado unaumia kwa sababu ya la pili. Ndiyo maana jibu lake, hata likiwa na ukweli ndani yake, halikutulizi. Ningependa uyatenganishe, kwanza kichwani mwako, kisha mbele yake.

Tuchukue lile la chombo. Mume wako ana haki kiasi fulani. Meli ya MV Kalangala inayotoka gati la Nakiwogo pale Entebbe hadi Lutoboka kwenye kisiwa cha Bugala ni chombo cha chuma, chenye viti vya ndani vya madaraja mawili, na hubeba hata magari. Kwa ratiba yake ya kawaida huondoka Nakiwogo saa nane mchana, ikachukua kama saa tatu na nusu, na kurudi huondoka Lutoboka saa mbili asubuhi. Yaani kwenda na kurudi ni mchana. Hilo la mchana lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Usiku upepo wa nchi kavu hutoka pande zote za Ziwa Victoria ukakutana katikati, hewa ikapanda juu, na ndiyo maana ngurumo na dhoruba kali za ziwani huwa nyingi usiku mpaka karibu na mapambazuko. Wavuvi na wachuuzi wanaosafiri usiku hukutana nazo uso kwa uso. Nadhani unajua hili kuliko mimi.

Lakini na wewe hukukosea ulipomkumbusha mwaka 2018. Ile boti, MV Templar, ilizama jioni ya tarehe 24 Novemba karibu na ufuo wa Mutima, ikaua watu zaidi ya 30, na ilikuwa boti ya starehe iliyojaza kupita kiasi na isiyokuwa katika hali nzuri. Wala ukubwa peke yake si kinga. MV Bukoba ilikuwa meli hasa, nayo ilipozama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 walikufa mamia ya watu, ilikuwa imejaza. MV Nyerere, Septemba 2018, karibu na kisiwa cha Ukara, ni hivyo hivyo: zaidi ya watu 200, kivuko kimejaa. Kwa hiyo mume wako akisema "meli si mtumbwi", mwambie umekubali, ila swali lako ni jingine: je, siku hiyo itakuwa imebeba watu wangapi, na je, majaketi yapo na yanafikika?

Sasa nikuulize na wewe, bila kukushindilia. Unapoandika "ziwa lilinichukulia kaka yangu", naona ziwa lote, saa zote, na vyombo vyote vimekuwa kitu kimoja. Ukiisoma tena aya yako kuhusu kaka, kila kitu kilichomuua kimo humo: usiku, mtumbwi mdogo, magunia, watu juu ya magunia, na hakuna jaketi hata moja. Kaka yako hakuwa na uwezo wa kuchagua. Alikuwa akitafuta riziki, na chombo kilichokuwepo ndicho hicho. Wewe una uwezo huo. Unaweza kukataa usiku, ukakataa mtumbwi, ukakataa chombo kilichojaa, ukakataa kuondoka bila jaketi. Sisemi basi nenda. Nasema tu kwamba kati ya "kamwe" na "sawa" kuna mambo mengi ambayo bado hujayashika mkononi.

Na kuna moja ambalo naliona hatari kuliko meli yenyewe, na sijui kama mume wako amelifikiria. MV Kalangala wakati mwingine huondolewa majini kwa matengenezo, na kipindi cha sikukuu abiria huwa wengi. Fikiria mmefika Nakiwogo na mabegi, watoto wanaruka, hoteli imelipwa, halafu mnaambiwa leo hakuna meli, au imejaa. Kando yenu kuna mtu anayesema boti za mbao zinaondoka sasa hivi kwenye mwalo wa Kasenyi, mtafika kabla ya giza. Baba aliyeahidi mwaka mzima, mbele ya watoto wake, ni vigumu sana kusema turudi nyumbani. Kama kuna ahadi moja ya kuitaka kutoka kwake, naitilia uzito hii: meli isipokuwepo au ikijaa, hatupandi kitu kingine, tunalala Entebbe au tunarudi Seeta, na hakuna atakayemlaumu mwenzake. Iwekwe mapema, watoto waisikie ikisemwa, ili siku ile isiwe mama ndiye anayekataa. Na mpige simu siku moja kabla kuthibitisha kama inasafiri. Mamlaka ya hali ya hewa nayo hutoa utabiri wa ziwa kwa ajili ya wavuvi na wasafiri. Msikilize asubuhi hiyo.

Kuhusu mdogo wa miaka mitatu, jaketi la mtu mzima halimfai; akianguka majini litapanda juu na yeye atateleza chini. Lazima liwe la uzito wake, na uzuri zaidi liwe na mkanda unaopita katikati ya miguu. Mvishe nyumbani, ufunge vifungo vyote, kisha uliinue kwa mabegani. Likipanda mpaka kidevu na masikio vikazama ndani, ni kubwa. Kama una wasiwasi kwamba hamtapata la saizi yake melini, nunueni lenu Kampala kabla. Pesa hiyo haitapotea, maana atalihitaji hata ufuoni. Na mgawane kazi waziwazi: ndani ya meli, mdogo ni wa nani? Mtoto wa "sote tunamwangalia" ndiye anayekutwa amesimama kwenye reli.

Binti anayetapika, hilo lina njia. Watoto wa umri wake ndio husumbuliwa zaidi na kichefuchefu cha safari, na wengi huacha wakikua. Ale kitu chepesi kabla, akae katikati ya chombo ambako hakuyumbi sana, aangalie mbali kwenye visiwa, asiiname kwenye simu. Famasi kuna dawa, ila hutolewa kwa uzito na umri wa mtoto, na humezwa kabla ya kuondoka, siyo akishaanza. Waulize, na usimpe mdogo dawa ya dada yake.

Halafu nikupeleke mahali ambapo hofu yako haijafika. Barua yako yote inaishia melini. Lakini watoto wataketi melini saa chache, na ufuoni watashinda siku nzima. Mtoto huzama kwenye maji yasiyomfika kiunoni, kimya, mama akiwa anajibu ujumbe kwenye simu. Nguo ya kuogelea ambayo binti ameitafuta kwa furaha, hiyo ndiyo ingenifanya mimi nikae wima. Hapo ufuoni mdogo asiwe mbali kuliko mkono wako unavyofika, na hao wakubwa waambiwe mpaka uko wapi. Pia ziwa letu lina kichocho. Kinapatikana pale kwenye maji ya kina kifupi yenye majani, ambako konokono hukaa, kwa hiyo wakiogelea waulize zahanati, wiki kadhaa mkisharudi, kuhusu kupimwa au kumeza dawa yake. Sikuambii haya nikuongezee mzigo. Nakuambia kwa sababu mtu anayejua hasa aogope nini, na lini, hupata nafasi ya kupumua saa zilizobaki.

Sasa lile neno lililokukaa kifuani, kwamba unawarithisha watoto woga.

Nadhani mume wako alikuwa amechoka, na maneno ya uchovu huwa makali kuliko nia ya msemaji. Hata hivyo ngoja tuliangalie, kwa sababu lina kitu ndani yake, ila siyo kile anachofikiri. Kijana wako tayari ameurithi. Anajua kwamba bibi hali samaki na haulizwi. Anajua ana jina la mtu ambaye kifo chake hakisimuliwi. Amekufuata uani kukuuliza kama hutaki waende, ulipojibu "nafikiria" hakubishana, akabeba beseni. Mtoto aliyetoka kumaliza PLE, ambaye angekuwa na haki ya kununa! Huyo anahisi kuna jambo, hajui ni lipi, na pengine anadhani linamhusu yeye.

Woga wenye hadithi mtoto anaweza kuubeba. Usio na hadithi anaujaza mwenyewe, na watoto hujaza vibaya. Ningekuwa karibu nawe ningekuomba ufikirie kumwambia, awe peke yake kwanza, bila wadogo. Mjomba wako ambaye una jina lake alikuwa mfanyabiashara, alikuwa hivi na hivi, alipenda hiki, na alikufa ziwani usiku kwa sababu mtumbwi ulijaa na hakukuwa na jaketi. Mwambie alikuwa mtu wa namna gani kabla hujamwambia alivyokufa. Ina hatari yake, sikufichi: anaweza kuogopa, akasema hataki tena safari, na baba yake akaona umefanya makusudi. Kwa hiyo mume wako ajue kabla, na ikiwezekana awepo. Lakini naona hatari nyingine kubwa zaidi ya mtoto huyu kuyasikia siku moja kutoka kwa jirani wa Jinja, akiwa mkubwa, akajiuliza kwa nini mama hakumwambia.

Na kama mtapanda, hutakiwi kujifanya jasiri. Watoto hawadanganyiki; wanauona mkono unavyobana. Mama anayesema "mimi naogopa maji, kwa sababu ya mjomba wenu, kwa hiyo nimeyakagua majaketi na nimeuliza meli imebeba wangapi, sasa tukae hapa" hajawarithisha woga. Amewaonyesha woga unafanyiwa nini. Lakini hilo lifanye ikiwa linatoka ndani yako. Wapo watu ambao mwili unakataa kabisa, moyo unakwenda mbio, pumzi inakata. Ukijijua uko hivyo, usijilazimishe mbele ya watoto ukiwa katikati ya maji ambako hakuna pa kushukia. Hapo tafuta kwanza mshauri wa masuala ya msiba na mshtuko. Hospitali kubwa na baadhi ya makanisa wanao, na si kazi ya wiki moja.

Nakurudisha kwa mume wako kidogo. Umeniambia ni mtu wa Kitgum. Kama umri wake ni ule ninaoukisia, utoto wake uliangukia miaka ya vita vya kaskazini, ile iliyoendelea mpaka karibu mwaka 2006, watu wengi wakiishi kambini. Sijui yeye alipitia nini, wewe ndiye unayejua. Najiuliza tu kama safari hii kwake ni zawadi ya mtihani peke yake, au ni kitu alichokitaka mwenyewe akiwa na umri wa huyo kijana. Haimpi ruhusa ya kuamua bila wewe. Lakini ukimwuliza swali hilo kwa nia njema, huenda mazungumzo yenu yakatoka kwenye "wewe mwoga" na "wewe hujali", ambako hayawezi kufika popote.

Njia zilizopo mbele yenu nitazitaja jinsi ninavyoziona, nawe utazipima.

Mnaweza kwenda wote kwa MV Kalangala kama ilivyopangwa, kwa masharti mliyoyaweka pamoja. Watoto wangepata kile hasa walichoahidiwa, na kuna jambo zuri la kumwonyesha kijana: Nakiwogo iko kaskazini kidogo ya ikweta na Lutoboka iko kusini, kwa hiyo ataivuka ikweta juu ya maji. Gharama yake ni saa hizo tatu na nusu zako.

Au mnaweza kufika Bugala hiyo hiyo kwa njia ya Masaka. Mnapita Kayabwe, watoto wanapiga picha kwenye alama ya ikweta, mnafika Bukakata, mnapanda kivuko cha kwenda Luuku. Kivuko hicho ni cha bure, na kuvuka kwenyewe hakumalizi hata saa moja. Hoteli haipotei, majini mnakaa kidogo sana. Ubaya wake ni safari ndefu ya barabara, binti atatapika huko badala ya ziwani, na kijana anaweza kuona amepewa nusu ya ahadi. Muulizeni. Huenda anachokitaka ni kisiwa na baba yake asiyekuwa dukani, au huenda ni meli hasa. Wewe na mume wako wote mmedhani mnajua.

Kuhusu wao kwenda na wewe kubaki, uliandika kwamba utapata wazimu, nami nakuamini. Ila kuna namna ya katikati: baba aende na wale wawili wakubwa, wewe ubaki na mdogo, na usibaki Seeta peke yako. Kaa kwa dada au rafiki ambaye anajua habari za kaka yako. Mpangane saa za kupigiana simu, wakipanda na wakishuka, na ukubali mapema kwamba katikati ya ziwa mtandao unaweza kukatika bila kumaanisha lolote. Hasara yake ni kwamba familia inagawanyika siku ambayo ilikusudiwa kuwa ya wote, na kumbukumbu ya watoto itakuwa "mama hakuja". Kwa wengine hilo ni jambo dogo. Kwa wengine linadumu.

Watu watakushauri uanze na kitu kidogo, boti ya chanzo cha Nile pale Jinja, maana ni karibu. Kwa mwingine ingekuwa sawa. Kwako wewe Jinja ndiko uliko ufuo ule mliosimama na mama yako, kwa hiyo sioni kama huko ndiko kwa kuanzia. Kama mtakwenda Kitgum kuwaona wazee, ile boti ya hifadhi ya Murchison inayotoka Paraa kupanda hadi chini ya maporomoko inafaa zaidi kufikiriwa. Mto una kingo mbili unazoziona muda wote, kuna viboko na mamba wa kuwashangaza watoto, na mwisho wake unaona Nile nzima ikijibana kwenye upenyo wa mita kama saba hivi kabla ya kuanguka zaidi ya mita 40. Kiingilio cha hifadhi na boti hulipwa mbali mbali, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Inaweza kuwa ya mwaka huu badala ya Kalangala, au inaweza kuwa hatua ya kwanza, Kalangala ikangoja likizo nyingine.

Kungoja nako ni njia. Si kushindwa, endapo kunasemwa kwa tarehe na kwa sababu: tunakwenda, siyo sasa, mama ana jambo la kushughulikia kwanza. Kukiwa "tutaona", watoto wataelewa ni hapana, na mume wako pia.

Mama yako usimfiche, ila usimwambie mpaka wewe na mume wako mmekubaliana. Akilia kabla hamjaamua, machozi yake ndiyo yatakayoamua.

Kabla ya mazungumzo makubwa, fanya kitu kimoja chepesi: mwombe mume wako aipigie ile hoteli, awaulize kama tarehe inaweza kusogezwa bila kupoteza pesa iliyolipwa, na kama wanapokea wageni wanaoingia kwa njia ya Luuku. Muwe mmekaa pamoja, simu iwe kwenye spika. Mkishajua hilo, mtajua mna siku ngapi za kuongea, naye atakuwa amekaa nawe kuipanga safari hii kwa mara ya kwanza. Kisha niandikie.

Shangazi